Jozi Thelathini na Moja

Chumbani kwangu,
Jumanne, jua likiwa bado juu.

Kwako mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, zile za heshima kwanza, halafu zile za uchokozi ambazo umezizoea tangu ukiwa na meno ya utoto. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo wako umeacha kulalamika. Mimi ni mzima wa afya, ukiondoa goti, ukiondoa sikio la kushoto, ukiondoa na haya meno mawili yaliyobaki ambayo hayajakutana tangu mwaka juzi. Mwandiko wangu utauvumilia. Wewe ulifika darasa la saba. Mimi niliishia la tatu, na hata hilo la tatu mwalimu alinivusha ili aone mgongo wangu ukitoka mlangoni.

Barua yako niliipata wiki iliyopita na nimeisoma mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kukatika. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama mwanao anakula. Anakula, ingawa siku hizi anatafuna kama mtu anayehesabu. La pili, ni nani aliyepeleka majina, maana mtu hafukuzwi chuo cha uuguzi akiwa amebakiza miezi mitatu bila kuwapo mdomo uliomtaja. Umesema ukimjua mtu huyo utafunga safari umtazame usoni tu, basi, urudi zako. Hilo la pili nitalijibu. Ila uniache nifike kwa mwendo wangu wa goti.

Huko uliko hakuna maduka ya namna hii, kwa hiyo nikueleze. Duka letu la viatu lina mlango wa mbele wa kioo, zulia, na viti kumi na viwili vyekundu vya kukalia wateja wanapojaribu viatu. Wateja hao ni Wazungu. Sisi weusi tunaruhusiwa kununua, hela yetu haina rangi, lakini miguu yetu inayo. Mtu mweusi anapitia mlango wa nyuma, anasimama, na anakuja na uzi. Uzi huo ameupima nyumbani, kutoka kisigino hadi kidole, na amepiga fundo kuonyesha upana. Muuzaji anauingiza uzi ndani ya kiatu, anasema kinatosha, umeshanunua. Kujaribu hakuna, kurudisha hakuna. Wanasema kiatu kikishaingiwa na mguu mweusi hakuna Mzungu atakayekitaka tena, kana kwamba tunaacha mayai humo ndani.

Sasa, Chiriku, uzi hauna kidole gumba. Hauna sugu wala uvimbe wa jioni. Kwa hiyo viatu vilibana watu, na waliobanwa waliteremka kwangu, chini ya duka, kwenye kile chumba cha dirisha moja ambapo nimekaa miaka ishirini na miwili. Mimi ndiye mpanuaji. Nalowesha ngozi kwa kitambaa, natia mguu wa mti ndani, nausukuma mpaka kiatu kinalia, nakiacha siku mbili. Umenielewa? Mkate wangu wote ulitoka kwenye ule uzi. Laiti wangeruhusiwa kukaa vitini na kujaribu, ningekuwa mzee wa kuuza karanga. Ndiyo maana mwanao aliponiambia kwamba yeye na wenzake wamepanga kwenda kuvikalia vile viti, nilimuuliza, mkishavikalia mimi nitapanua nini, midomo yenu? Alicheka. Alisema mjomba, wewe utatengeneza viatu vipya, si ndiyo kazi unayoipenda? Mwanao ana ulimi wako.

Walijiandaa wiki tatu, kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Na mimi walinipa cheo. Usicheke. Walitaka mtu wa kuwatukana, wajizoeze kutojibu, wakapitisha kwa kauli moja kwamba katika mji mzima hakuna kinywa kichafu kama changu. Basi kila Jumamosi nilivaa kofia ya fundi bomba nikawa Mzungu. Nilimwambia mwalimu wa shule ya msingi kwamba suti yake imefiwa. Nilimmwagia seremala chai baridi kichwani, nikamuuliza kama sasa amepata akili. Mwanao nilimwambia maneno ambayo siwezi kukuandikia wewe uliyemzaa. Walikaa tu. Niliwafundisha kumtazama mtu anayekutukana kana kwamba mbele yako pana ukuta uliopakwa chokaa jana. Mwalimu ndiye aliyekuwa wa mwisho kujifunza, macho yake yalikuwa yanajibu. Lakini walijua, mdogo wangu, walijua mpaka nikaona wivu. Waliponiuliza kama nami nitakaa siku hiyo, nilisingizia goti.

Siku ilipofika waliingia saa nne asubuhi, wawili wawili, kwa mlango wa mbele. Walikuwa thelathini na mmoja. Kumi na wawili walikaa vitini, waliobaki wakakaa kwenye zulia kwa mstari. Kila mmoja alivua viatu vyake, akaviweka mbele yake vikitazama mlangoni, akanyoosha miguu, akangoja kuhudumiwa. Mwanao alikuwa amewaamrisha wote wakate kucha na wafue soksi, maana alisema siku hiyo hakuna atakayepewa sababu. Mimi nilipanda ngazi nikachungulia penye pazia. Binti muuzaji alishika kiatu mkononi akasahau cha kukifanyia. Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa anajaribu alitoka mbio na kiatu cha duka mguu mmoja na chake mguu wa pili, na mpaka leo hajarudi. Nilitamani kucheka nikakosa mahali pa kuchekea, kwa sababu wengine hawakukimbia. Mmoja alimtemea mwalimu mate. Mwingine alichukua chupa ya rangi nyeusi ya viatu akammiminia mwanao miguuni polepole, kidole kwa kidole, akimwambia kwamba anamsaidia kuikoleza. Mwanao alimtazama kama ukuta wa chokaa. Nilimwona nikajua ni kazi ya mikono yangu, na nilijivuna, huku nikiwa nyuma ya pazia.

Polisi walifika saa nane. Hakuna aliyesimama, kwa hiyo walibebwa mmoja mmoja, wawili mikononi, wawili miguuni, kama magodoro siku ya kuhama. Viatu vilibaki pale pale, mistari imenyooka. Kituoni kila aliyeulizwa jina alijibu kwamba yeye ni mteja. Unaitwa nani? Mteja. Baba yako nani? Mteja. Vitambulisho waliviacha nyumbani makusudi. Thelathini na mmoja, hakuna aliyeteleza. Jumatatu asubuhi polisi walichoka kulisha wateja wakawaachia. Mwanao alirudi bila viatu, nyayo zimevimba kwa saruji, vidole bado vyeusi kwa ile rangi, anaimba. Nilimwekea maji ya moto. Aliniambia mjomba, tumewashinda, hawana hata jina moja.

Siku nne baadaye barua zilianza kuingia. Ya mwanao kutoka chuoni ilikuwa na mistari miwili. Mwalimu alipata yake darasani mbele ya watoto. Seremala wa manispaa alikuta sanduku lake la zana nje ya lango. Ishirini na saba walifukuzwa. Wanne hawakuguswa. Na hapo ndipo palipoharibika, kwa sababu mmoja kati ya hao wanne ni mke wa mfagiaji wa duka letu. Anafua kwenye hospitali, na mpaka leo anafua. Watu walijumlisha haraka. Nani alikuwa dukani siku ile? Mfagiaji. Mke wa nani hakuguswa? Wa mfagiaji. Basi, wamempata.

Hawampigi. Ni watu waliojifunza kutopiga. Hawamtukani pia. Wanamtazama kama ukuta wa chokaa. Anafika bombani kuchota maji, wanasogea, wanaendelea na mazungumzo kana kwamba ndoo yake imejileta. Mwanao ndiye aliyeanza. Juzi mfagiaji alimsalimia njiani, shikamoo ya mtu mzima kumpa binti mdogo, Chiriku, aligeuza heshima juu chini akitafuta jibu lolote, na mwanao alipita. Jioni ile nilimwambia amezidi. Alinijibu kwamba hajafanya kitu ambacho mimi sikumfundisha.

Duka nalo lilipata dawa yake. Meneja wetu, yule tunayemwita Tabasamu, aliona kuliko sisi tukalie viti ni heri viti visiwepo. Aliviondoa vyote kumi na viwili. Sasa Wazungu wanajaribu viatu wamesimama, mguu mmoja juu, wakishikilia ukuta na kuangukiana, mabibi na kofia zao kama kuku waliomwagiwa maji. Ukiwaona utasema ndio waliohukumiwa. Na sisi bado tunaleta uzi, mlango wa nyuma. Huo ndio ushindi tulioupata.

Nimefika sasa kwenye swali lako, na goti halina tena pa kupita. Mtu aliyepeleka majina ni mimi.

Usiikunje barua. Soma.

Ilikuwa Jumapili, wenyewe wakiwa bado ndani. Tabasamu alimtuma mtu aniite, nikadhani kuna bomba limepasuka kule chini kwangu. Nikapandishwa juu, kwenye zulia, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili niliambiwa nikae. Nilikaa kwenye kiti chekundu. Nililetewa chai kwenye kikombe chenye kisahani chake. Palikuwa na bwana mmoja wa polisi, hana sare, ana daftari. Na mbele yangu, juu ya meza ndefu, walikuwa wamevipanga viatu vyote, jozi thelathini na moja. Tabasamu alisema kwa upole kwamba haifai watu kutembea pekupeku, wanataka kuwarudishia wenyewe, na katika mji huu hakuna mtu anayevijua viatu kama mimi. Akaniita bwana fundi. Unanijua. Ungeweza kunipiga siku nzima nisiseme jina. Hawakunipiga. Walinisifu.

Na ni kweli navijua. Mimi mtu simtambui kwa uso, namtambua kwa kisigino. Nilichukua jozi ya kwanza nikasema, huyu anakanyagia nje, kulia zaidi, ni mpishi wa shule. Ya pili nikasema, soli hii nimeibandika mimi mwenyewe, ni ya dereva wa gari la maziwa. Bwana wa polisi alisema ah! kwa mshangao, kama mtoto anayeona mazingaombwe. Ya tatu ilikuwa vile vyeusi vya kamba nilivyomshonea mwanao alipoingia chuoni. Niliviinua juu kwenye mwanga. Nikawaonyesha mshono, nikawaambia wahesabu wenyewe, pindi nane za uzi kwenye urefu wa pingili ya kidole, na fundo limezikwa ndani, mtafuteni mtu mwingine anayeweza. Nikasema ni vya mpwa wangu, yuko mwaka wa tatu chuo cha uuguzi, na ndiye wa kwanza darasani. Kwa kifua mbele. Hakuna aliyeniuliza habari za darasani, Chiriku. Niliongeza mwenyewe.

Jozi ya tisa ilikuwa ya mwalimu. Yule bwana akauliza, anafundisha shule gani, na mkuu wake ni nani. Nikatazama daftari. Hapakuwa na mtaa hata mmoja wala namba ya nyumba. Palikuwa na kazi tu: chuo, manispaa, shule, hospitali. Mtu anayerudisha viatu haulizi mkuu wako ni nani. Nikaelewa pale pale, kikombe kiko mkononi.

Na hapa ndipo ninapotaka unitazame vizuri, kama ulivyosema utamtazama mtu huyo. Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. Niliwaza, nikiacha sasa nitakuwa nimemtaja mwanao na wachache tu, watafukuzwa hao peke yao, na watu watauliza kwa nini hao. Nikaona heri wawe wengi, apate wenzake. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini wewe sikudanganyi. Chai ilikuwa tamu, na yule bwana aliendelea kusema ah! Niliendelea mpaka ishirini na saba. Zilipobaki nne ndipo mkono ulipokataa. Nikawapa majina ya marehemu: mwoka mikate aliyekufa kwa homa, mama wa maharage, mpiga tarumbeta, na yule jirani wetu wa zamani aliyeangukiwa na ukuta. Bwana akaandika wote. Watu waliokufa hawafukuzwi kazi. Kwa hiyo niliokoa wanne, na kwa kuwaokoa hao wanne nimemzika mfagiaji akiwa hai, maana jozi mojawapo ilikuwa ya mkewe.

Viatu havikurudishwa. Vilichomwa nyuma ya duka. Mwanao anavaa ndara zangu.

Na viti vilipoondolewa, Tabasamu alinizawadia kimoja. Ndicho ninachokalia nikikuandikia. Mwanao aliuliza kimetoka wapi, nikasema kimetupwa. Anapenda kukikalia anaposuka nywele. Aliyenibebea kiti hicho mpaka hapa mlangoni, kichwani, ni mfagiaji.

Jumapili iliyopita nilijaribu. Uniandikie hilo upande wa pili wa hesabu, ingawa halina uzito. Walikutana ukumbini alasiri, wanazungumzia mfagiaji, kama waandike jina lake ubaoni kuwa ni msaliti. Nikasimama. Nikasema acheni huyo mtu, ni mimi niliyewataja, wote, mmoja mmoja, kwa visigino vyenu. Kisha seremala akacheka. Halafu mpishi. Halafu ukumbi mzima, watu ambao hawajacheka tangu barua zianze kuingia, wanafuta machozi, wanapigana mabega. Seremala alisema mzee leo amevaa tena kofia ya fundi bomba. Mwalimu alisimama akasema mzee wetu ana moyo mkubwa, anataka kumbebea mwenzake mzigo wa aibu, lakini mambo mengine hayataniwi. Nikarudia. Nikawaambia habari za pindi nane, na mpiga tarumbeta. Wakazidi kucheka. Mwanao alikuja akanishika mkono, akanikalisha, akanifunga kifungo cha koti kama mtoto, akaninong'oneza kwamba ananipenda hivyo hivyo na wazimu wangu.

Halafu, Chiriku, nikacheka nao. Mdomo ulifunguka wenyewe. Maisha yangu yote nimewazoesha watu kwamba nikisema neno wacheke, na siku nilipohitaji wasicheke, sikuwa na uso mwingine wa kuvaa.

Mfagiaji alikuwa mlangoni, hakuruhusiwa kuingia. Yeye peke yake hakucheka. Aliniangalia kwa muda, kisha akaokota ufagio wake akaenda. Anajua, na hasemi, kwa sababu nani atamsikiliza?

Ndiyo sababu ya barua hii. Nikimwambia mwanao mezani, atacheka na kuniongezea mchuzi. Nikimwandikia, atasema mjomba ameanza tena. Lakini wewe hukuwahi kucheka nilipokuwa nikisema kweli, hata tulipokuwa wadogo. Ulikuwa unaacha unachofanya unanitazama, na mimi nilikuwa nakukimbia. Basi nakuomba uwe wewe wa kumwambia. Mwandikie kwa mkono wako, bila kunipamba, bila kunitetea kwamba ni mzee. Mwambie jozi ya tatu. Mwambie aende kwa mfagiaji na mkewe kabla hajaja kwangu. Kama baada ya hapo hatakuja kwangu kabisa, chumba cha mwalimu kina nafasi, nimeshauliza, nikasema ni kwa ajili ya mgeni.

Ile safari uliyosema, ya kuja kumtazama mtu usoni, kama mgongo utaruhusu uje. Nitakuwa nimekaa, sitakimbia, goti lenyewe halikubali.

Wasalimie wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Mnong'oneze mumeo salamu zangu, na leo umwache bila utani. Jirani yako mpenda habari mwambie tu kwamba tuko wazima.

Barua hii usiijibu kwangu. Jibu kwake.

Ni mimi kaka yako wa tumbo moja,
fundi viatu, mpanuaji.